Sukari ya Ng'ambo ya Tunduma

Mume wangu alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya akiwa hawezi kuvuka ua wa nyumba yetu bila kusimama kupumzika. Alikuwa ameondoka nyumbani mtu wa mabega mapana, anayejitwisha gunia la mahindi huku akizungumza. Akarudi na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia apumzike, ale vizuri, na asikae penye baridi. Huo ulikuwa mwezi wa Juni, na sisi tulikuwa Mbeya, ambako mwezi huo hata maji ya mtungini yanauma meno.

Nyumba yetu ilikuwa upande ambao siku hizi unaitwa Soweto. Miaka ile ya hamsini hakuna aliyeuita hivyo. Mashamba ya mahindi ya Wasafwa yalifika mpaka nyuma ya choo chetu, na asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi si mtu wa huko. Nimezaliwa Iringa mjini. Babu yangu alipanda kutoka pwani na misafara ya zamani, akachoka njiani, akaoa, akabaki. Baba yangu aliuza nguo sokoni, akanisomesha Kurani na miaka michache ya shule, kisha akaniozesha kwa mtu wa Mbeya aliyekuwa na sifa nzuri na kazi ya mshahara. Nilizaa mara moja. Mtoto alikufa kabla hajatambaa, na tumbo halikushika tena.

Ndiyo sababu mume wangu alioa mke wa pili. Hakuniambia kwa ubaya. Alikuja jioni moja kutoka safarini, akala, akanawa, akasema, "Mama, nimeona mtu kule Chimala. Sitaki usikie kwa watu wengine." Alikuwa msichana wa Kisangu, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, ambaye ndugu zake walilima mpunga bondeni. Alipoletwa nilimwonyesha jiko, nilimwonyesha kisima, na kwa muda mrefu sikumwonyesha kitu kingine. Yeye naye hakulazimisha. Alifagia upande wake, nikafagia wangu. Miaka ikapita, naye pia hakuzaa. Nadhani hapo ndipo tulipoanza kuzungumza.

Mgonjwa alipolala ndani, mshahara ulikatika. Tukabaki wanawake wawili na mwanamume mmoja aliyejifunika blanketi mchana. Ugali ulikuwepo, mboga zilikuwepo, kwa sababu jirani zetu walikuwa wakulima na ardhi ile haimnyimi mtu. Kilichokuwa kigumu ni vitu vya dukani. Mgonjwa wetu hakuweza kula. Ugali ulimkaba. Kitu pekee alichokipokea kwa moyo ni chai ya maziwa, nzito, yenye sukari nyingi. Akipata chai hiyo asubuhi alikaa wima mpaka adhuhuri. Asipoipata, alilala akiutazama ukuta.

Na sukari Mbeya ilikuwa ghali. Kila kitu kilichokuwa dukani kilikuwa kimeshuka melini Dar es Salaam, kikapanda treni, kikashushwa, kikapakiwa lori, kikapita Iringa, na kila kilipolala bei ilinenepa. Nilipokuwa msichana, baba yangu alilalamika kwamba sukari ya Iringa ni ghali kuliko ya pwani. Nilipofika Mbeya niliona kwamba baba yangu alikuwa akilalamikia raha. Hata majani ya chai, ambayo tuliyaona yakilimwa Tukuyu, milima hiyo hapo, yalikuwa yakipelekwa mbali kutiwa kwenye pakiti, yakarudi kwetu na bei ya mgeni.

Aliyeleta habari za ng'ambo ni mke mwenzangu. Alikuwa ameshinda penye kituo cha malori akiuza karanga, akarudi na mche wa sabuni chini ya kwapa.

"Dada, nuka," akaniambia.

Nikanusa. Ilikuwa sabuni nzuri, ngumu, si ile inayoyeyuka ukiitazama.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mtu aliyerudi kutoka migodi ya shaba, Rodeshia. Amenunua ng'ambo ya Tunduma tu hapo, si mbali. Ananiambia kule sabuni ni karibu nusu ya bei ya hapa. Na sukari. Na maziwa ya kopo. Nikamwambia unanidanganya. Akaniapia kwa mama yake."

"Watu wa migodini huapa sana."

"Dada, sabuni si hiyo unayo mkononi?"

Usiku kucha, nadhani, yeye alikuwa akifanya hesabu yake, maana asubuhi aliniambia yote kwa mpigo. Ndugu zake Chimala walikuwa na mchele, na hawakuwa na haraka ya kulipwa na dada yao. Kule ng'ambo mpunga haulimwi, na wenye maduka wanautafuta mchele. Tukibeba mchele kwenda na sukari kurudi, mgonjwa atakunywa chai, na itakayobaki tutawauzia jirani. Mume wetu alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliposema, alisema, "Nendeni. Lakini mmoja abaki nami." Mzigo ulihitaji wawili, kwa hiyo ilibidi tumwombe mama mmoja wa Kisafwa, mjane wa jirani, Mkristo, awe anakuja kukaa naye siku za safari zetu. Alikuja na Biblia yake na kazi yake ya kusuka mikeka, akakaa kando ya kitanda cha Mwislamu akimpepea. Sijamsahau.

Safari ya kwanza niliiona kama mchezo. Tulipanda juu ya shehena ya lori, tumekalia magunia yetu ya mchele, tumejifunga khanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Njia inapita Mbozi, inapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu augue nilijisikia nikicheka. Mke mwenzangu alikuwa akimwigiza mkuu wa kituo cha malori anavyotembea, yeye mwenyewe amekaa, kwa mabega tu.

Tunduma wakati ule ilikuwa vibanda na njia. Mpaka wenyewe sikuutambua. Nilidhani nitaona mto, au ukuta, au walau nyasi za rangi nyingine. Kulikuwa na gogo lililolazwa juu ya magongo mawili, na askari mmoja amekaa kivulini anachonga kijiti. Alituuliza tunakwenda wapi, tukamwambia dukani, akasema haya. Upande wa pili watu walitusalimu "Mwapoleni," tukaitikia kwa Kiswahili, wakacheka, nasi tukacheka.

Duka la ng'ambo lilikuwa la Mhindi, kama la kwetu, lakini ndani lilikuwa jambo jingine. Vitu vilipangwa kwenye rafu kwa safu, na mbele ya kila kitu kulikuwa na kikaratasi cha bei. Mimi nilizoea duka ambalo bei imo kichwani mwa mwenye duka na inategemea umeamkia upande gani. Mke mwenzangu hakujua kusoma. Nikapita mbele ya rafu nikimsomea: sukari, ratili moja, sabuni, mche, maziwa ya kopo, kibiriti, chumvi. Kila niliposoma alinishika mkono. Shilingi yao ilikuwa na sura nyingine lakini ililingana na yetu, kwa hiyo hapakuwa na la kutafsiri. Tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka nchi yetu, na sukari ileile, nyeupe ileile, ilikuwa karibu nusu ya bei.

"Basi sisi tumewakosea nini?" mke mwenzangu akauliza. Alimuuliza mwenye duka, kwa sauti ile yake.

"Nani, mama?"

"Wanaopanga hizi bei."

Mwenye duka akacheka, akasema sukari yake inaletwa kutoka kusini, viwanda viko hukohuko, na serikali yao inataka watu wa migodini wale vizuri ili wachimbe vizuri. Mchele wetu aliupima, akautia kinywani punje mbichi, akautafuna, akasema tulete mwingine.

Kwa muda tuliishi. Sijui neno jingine la kutumia. Hatukutajirika, ila mgonjwa alikunywa chai yake asubuhi na jioni, na mara nyingine alitoka akakaa barazani akiwa amevaa koti. Jirani walikuja uani na vikombe. Tuliwapimia sukari, tuliwakatia sabuni kwa uzi. Wengine walianza kuniita mama duka, na nisiseme uongo, nililipenda jina hilo. Mke mwenzangu nilimfundisha kusoma tarakimu, tumekaa jikoni, kwa mkaa juu ya ubao. Alijifunza upesi. Alisema anataka siku moja asome mwenyewe vile vikaratasi vya rafuni, bila mimi.

Siku moja mwenye duka wetu wa Mbeya alikuja nyumbani. Alikuwa mzee mwembamba aliyenikopesha mara nyingi mume alipokuwa Chunya, na sikuwahi kumwona nje ya duka lake. Nje alionekana mdogo. Alisimama mlangoni, akamjulia hali mgonjwa, kisha akanigeukia.

"Mama, mimi si adui yako."

"Sijasema hivyo, bwana."

"Watu hawanunui sukari kwangu. Wanasema kwa mama ni rahisi. Mimi siwezi kushusha. Nikishusha, ninauza chini ya bei niliyonunulia. Lori peke yake, mama! Kutoka relini mpaka hapa, lori peke yake linakula faida yote."

 Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa na mgonjwa ndani. Nikampa kiti, akakataa. Alipoondoka mume wangu alisema kutoka kitandani, "Mzee yule ni mtu mwema." Nikasema najua. Kesho yake niliendelea kuuza.

Sidhani kuwa ni yeye aliyetushtaki. Wengine walisema ni yeye. Lakini hatukuwa sisi tu. Wanawake wa kila kijiji kando ya njia ile walikuwa wameanza kubeba, na wanaume wenye malori walibeba kuliko sisi, na jambo likishajulikana na wengi haliwi siri ya mtu. Tulipofika Tunduma baada ya mavuno, tulikuta gogo limeondolewa, pamewekwa kizuizi cha chuma kilichopakwa rangi, na kando yake kibanda cha mabati chenye meza. Mezani alikuwa amekaa karani wa forodha, kijana aliyevaa soksi ndefu.

Wakati wa kwenda hakutusemesha. Wakati wa kurudi alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akasikia lafudhi yangu. Uso wake ukafunguka, akaniamkia kwa Kihehe. "Mama ni wa Iringa? Kamwene, mama."

"Kamwene." Nilifurahi mpaka nikataka kukaa chini. Alinitajia mtaa wa kwao. Nilimfahamu shangazi yake. Alikuwa amesoma kwa mapadri Tosamaganga, na alizungumza Kiswahili cha shuleni, kila neno limepigwa pasi. Tulizungumza habari za nyumbani, za mvua, za nani amekufa. Nikadhani basi tumeshapita. Kisha akautazama mfuko wetu wa sukari, na uso wake ukafungika tena taratibu.

"Mama, hii hairuhusiwi. Ratili moja moja kwa matumizi, ndiyo. Zaidi ya hapo ni ushuru, na ushuru wake..." Akataja. Tungelipa, sukari ile ingekuwa ghali kuliko ya Mbeya.

"Mwanangu, nina mgonjwa."

"Ninakuamini, mama."

"Mume wangu hali kitu. Ni chai tu."

"Mama, hata mimi sipendi. Jana nilimnyang'anya mzee anayelingana na baba yangu. Leo nikikuachia wewe kwa kuwa tunatoka pamoja, kesho nitamwambia nini mwingine?" Alisema hayo kwa upole, na upole wake ndio uliotumaliza. Angekuwa mkali tungemtukana, tungelia, pengine tungepata njia. Alituachia ratili mbili, moja kwa kila mmoja, akaandika risiti ya ile aliyoichukua, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

Tulipokuwa juu ya lori mke mwenzangu aligeuka kukitazama kibanda.

"Kamwene, kamwene," akasema. Ndipo akalia.

Hatukuwa na mchele tena wala sukari, na ndugu zake Chimala walianza kuuliza. Mgonjwa wetu aliuliza pia, si kwa maneno. Alikuwa akitazama kikombe. Tukarudi mara moja na mbili na vifurushi vidogo, kila mmoja ratili yake. Nauli ilikula yote. Mara ya tatu mke mwenzangu alikuja na shauri lake. Alikuwa ameshona mfuko wa marekani, mpana na mwembamba, wenye kamba nne. Alijifunga tumboni chini ya gauni, akavaa khanga juu yake, akasimama mbele yangu jikoni ameweka mkono kiunoni.

"Nani ataniuliza?" akasema.

Nilimtazama. Alionekana mjamzito wa miezi mingi. Alijitazama pia, akaushusha mkono wake juu ya ule mfuko mtupu uliojazwa matambara kwa kujaribia, akaupapasa. Nikageukia moto.

Tulikwenda. Duka la ng'ambo lilikuwa limepandisha bei. Vile vikaratasi vilikuwa vipya, na yeye alivisoma mwenyewe kabla sijafika, akaniambia tarakimu kwa sauti ya chini. Mwenye duka alisema wanawake wa kwetu wamekuwa wengi mno, wanamaliza rafu, na wateja wake wa hapo wanalalamika, ndiyo sababu ya bei mpya. Bado ilikuwa nafuu kidogo kuliko Mbeya. Kidogo sana. Tuliujaza mfuko nyuma ya duka, nikamfunga kamba mgongoni kwa mafundo.

Kwenye kizuizi alikuwepo kijana yuleyule wa Iringa. Alituamkia. Alipomwona mke mwenzangu anatembea taratibu, kiuno kimerudi nyuma, alitoka kwenye kibanda na kumletea kiti.

"Kaa, mama. Lori halijajaa. Usisimame juani na hali hiyo."

Mke mwenzangu akakaa. Hakuweza kukataa.

"Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza," akajibu, na sauti yake nzito ikawa kama ya mtoto.

"Mungu akujalie. Ujifungue salama. Mke wangu naye, mwezi ujao." Akamletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama kando, na nilimwona mke mwenzangu anakunywa maji yale huku machozi yanamdondokea kikombeni. Kijana alidhani ni uchovu. Akaniambia nimtunze. Nikasema nitamtunza. Nimepita mengi baadaye, lakini nikitafuta saa niliyojiona mdogo kuliko zote, ni ile, penye kibanda cha mabati, na yule kijana anatuombea dua.

Mvua ilitukuta Mbozi. Ilikuwa mvua ya kwanza ya mwaka, ile inayokuja bila kubisha hodi, na lori letu halikuwa na turubai. Utingo alitupa gunia la katani tujifunike, likaloa kabla hatujalikunjua. Nilimwona mke mwenzangu amejikunja juu ya tumbo lake, amelikumbatia kwa mikono miwili, anaikinga mvua kwa mgongo. Nikamlalia juu. Watu waliokuwa nasi juu ya shehena walitusogezea nafasi, wakapiga kelele dereva asimame, kuna mjamzito huku. Mama mmoja wa Kinyakyusa alivua khanga yake akamfunika.

Haikusaidia. Sukari haihitaji maji mengi. Nilihisi kitu kinanata kwenye mkono wangu, kisha kwenye magoti, na baadaye kwenye mbao za lori. Yule mama wa Kinyakyusa aliona, akaweka kidole, akadhani ni damu au maji ya uzazi, akaanza kulia kwa lugha yao. Mke mwenzangu akamwambia, "Mama, nyamaza. Si mtoto." Watu wakaelewa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. 

Nyumbani nilimfungua kamba. Mfuko ulikuwa umeshikana na ngozi ya tumbo lake, na ndani mlibaki uji wa kijivu kiasi cha konzi. Hatukuutupa. Tuliutia sufuriani pamoja na mfuko wenyewe, tukachemsha, tukachuja, tukaweka majani na maziwa. Mume wetu alikunywa. Alikuwa amedhoofu kiasi kwamba nilimshikia kikombe. Akasema ina ladha ya nguo. Kisha akamtazama mke mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni, nywele zimeloa, akasema, "Basi. Msiende tena." Akamaliza kikombe chote.

Alikufa mvua zikiwa bado zinanyesha. Alizikwa na watu wengi. Mwenye duka wetu wa Mbeya alikuja akasimama nje ya makaburi na mwavuli, na baadaye akatuletea sukari ya matanga bila kusema bei. Sikuweza kumtazama usoni.

Tulikaa eda pamoja, wanawake wawili chumba kimoja, tumevaa nyeupe. Mtu akikaa eda hatoki, hauzi, hanunui. Tulilishwa na jirani. Mjane wa Kisafwa alikuja kila siku, akasuka mikeka yake. Katika chumba kile nilimfahamu mke mwenzangu kuliko nilivyowahi kumfahamu mtu, hata mume wangu. Alinisimulia mpunga unavyolindwa na ndege, alinisimulia mama yake. Niliwaza, haya, tumebaki sisi, tutazeeka pamoja. Sikumwambia. Nilidhani ni jambo lisilohitaji kuambiwa.

Eda ilipokwisha, ndugu wa marehemu walikuja kuichukua nyumba. Walikuwa na haki yao. Hatukuwa na mtoto. Mke mwenzangu alifunga kifurushi chake.

"Unarudi Chimala?"

"Chimala nimekula mchele wao, dada. Nitarudi na uso gani? Nakwenda ng'ambo."

"Kwa nani?"

"Sina mtu. Kule vitu ni rahisi. Nitafua nguo, nitauza karanga, nitaishi kwa kidogo. Twende, dada. Wewe unajua kusoma. Mimi na wewe tutaweka hata kibanda."

Nilitazama mikono yake. Nilikuwa nimechoka, na ndugu yangu Iringa alikuwa amenitumia nauli. Nikamwambia vitu kule si rahisi tena, aliona mwenyewe vile vikaratasi. Akasema pengine vimeshuka. Tukaagana kwenye kituo cha malori, lori lake linaelekea Tunduma na langu Iringa, na langu ndilo lililotangulia.

Iringa nilikaa kwenye nyumba ya kaka yangu, chumba cha uani. Wifi yangu hakuwa mbaya. Nilipika, nilifua, nililea watoto wa watu. Nilisikia madereva wakisema kwamba sasa kule ng'ambo bei zimepanda, na watu wa huko ndio wanaovuka kuja kununua unga na maharage kwetu, na kibanda cha forodha kinawanyang'anya wao. Kila lori la Tunduma lililosimama Iringa nilikwenda kuuliza. Mwanamke mrefu, Msangu, sauti nzito. Madereva walikuwa na subira nami mwanzoni.

Mwaka mmoja nilipata nauli nikaenda mwenyewe. Duka lilikuwa na mwenye duka mwingine, kijana, hakujua mchele wa nani wala wanawake gani. Kibandani alikuwepo karani mwingine. Nilizunguka sokoni upande wa kwetu na upande wa kwao tangu asubuhi, nikiwauliza wauza karanga. Mmoja alisema alikuwepo mtu kama huyo, alikwenda mbele, kwenye migodi. Mwingine alisema alirudi kwao. Wa tatu aliniuliza kama nanunua au sinunui.

Nikapanda lori la jioni. Utingo alinisaidia kupanda, akaniuliza mama amebeba nini, nikamwambia sina kitu.